Dhiraa Moja ya Ubao Mkavu

Zenon alijenga boti yake uani kwake, mtaa wa Chanji, Sumbawanga mjini, juu mlimani ambako maji ya karibu yalikuwa ya bomba, na bomba lenyewe lilitoa maji mara mbili kwa wiki. Boti ilikuwa ya mita nane. Ncha yake ilipita ua ikachungulia barabarani, na vijana wa bodaboda walimuuliza kila asubuhi, "Mzee, gharika lini?" Zenon hakuwajibu. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mabenchi ya makanisa matatu, milango ya shule mbili na majeneza yasiyo na idadi yalikuwa yametoka mikononi mwake, naye aliamini kuwa kazi nzuri haitetewi, humalizwa tu.

Tena hakuwa mgeni wa boti. Ujanani alikaa miaka minne Kirando, ziwani, akimshikia mbao fundi mmoja mkali wa maneno, akajifunza kupinda ubao kwa moto na kuziba maungio kwa pamba na lami. Baadaye baba yake aliugua, ikambidi arudi nyumbani kulima mahindi na ulezi, na habari za ziwa zikaishia hapo.

Aliyezifufua ni Luciana, binti wa marehemu kaka yake. Luciana aliolewa Wampembe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kule alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa. Alipanda mlima siku moja ya mwezi wa pili, akamwamkia baba yake mdogo, akakaa kwenye benchi lisilopigwa randa akaeleza shida yake. Kikundi kilitaka boti yake chenyewe. Mwaka uliopita walikodi ya watu, nayo ikazama ikirudi na dagaa tele. Watano waliogelea. Wa sita alikuwa Clemens, kaka yake Luciana, ambaye Zenon alimlea kama mwanawe tangu baba yao alipofariki. Msibani wote walisema boti ilizidiwa. Zenon aliuliza ilizidiwa kwa kiasi gani, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

"Baba mdogo," Luciana alisema, "kule tukiuliza boti inabeba kiasi gani, mafundi wanajibu, inabeba mpaka ikatae. Clemens alikuwa ndani siku ilipokataa. Mimi nataka boti ambayo mtu akiniuliza, nimtajie namba."

 Zenon akamwambia alete vipimo vya wavu wao na injini yao, mengine amwachie.

Alifanya kazi miezi minne. Mbavu alizichonga kwa mninga, zikakaa sawa kama mbavu za ng'ombe aliyelishwa vizuri, na maungio yake yalibana hata wembe haukupenya. Jioni, baada ya kazi, alipenda kupitisha kiganja ubavuni mwa boti kutoka mbele hadi nyuma. Mke wake Angela alimwona akifanya hivyo akacheka, akasema hata yeye hajawahi kupapaswa kwa uangalifu wa namna ile.

Lori la kuishusha boti lilikuwa la Faruk, kijana wa familia moja ya wafanyabiashara wa mjini, ambaye kila kiangazi hushusha mahindi ziwani na kupandisha dagaa. Zenon alimwambia kwamba kabla ya safari wangepita kwenye ghala la mahindi lenye mizani ya magari. Faruk akataka kujua ya nini. Zenon akamweleza kuwa mtu hawezi kujua boti ibebe kiasi gani kama hajui yenyewe ina uzito gani, maana maji hubeba vyote viwili, boti na kilichomo. Lakini hapo hapo akaongeza, kwa kujiamini kwa mtu aliyeshika kila ubao kwa mkono wake, kwamba hesabu ameshaifanya kichwani. Haizidi kilo mia saba.

Walipima lori likiwa tupu, kisha wakalipima na boti juu yake. Karani wa mizani, mama mmoja mwenye miwani, alitoa namba ya kwanza kwenye namba ya pili, akarudia kwa sababu Zenon alimwomba arudie. Ilikuwa kilo elfu moja na sitini.

Faruk alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Zenon hakucheka. Alizunguka boti polepole, akahesabu upya: mbao hazikuwa zimekauka kabisa, bolti zilikuwa mia mbili na kumi, lami ilikuwa madebe matatu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokitia kwenye hesabu yake. Amekosea kwa kilo mia tatu na sitini, yeye aliyeijenga. Akawaza habari ya mpakiaji anayeitazama tu kwa jicho, akiwa amesimama mchangani, ana haraka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Zenon aliona kwamba hata mzigo wake mwenyewe mtu anaweza kuuona mwepesi kama usufi. Siku ile ile alichukua patasi, akachonga kwenye ubao wa nyuma, kwa tarakimu kubwa: KILO 1060. Fundi mwingine angeificha aibu hiyo. Yeye aliichonga kwa kina, na kabla hajaweka patasi chini, aibu ilikuwa imekwisha.

Wakateremka. Boti ililala juu ya magunia thelathini ya mahindi, kila moja kilo mia kamili, na Faruk aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Baridi ya uwanda wa juu ilibaki nyuma yao kona baada ya kona, makoti yakavuliwa, na alasiri ziwa likaonekana chini likiwa jeupe kwa jua.

Wampembe watu walikusanyika. Kwamba Mfipa wa mlimani, mtu wa jembe na ulezi, amewaletea boti watu wa ziwa, ilikuwa kichekesho tosha. Lakini Zenon hakuwapa nafasi ya kucheka sana. Boti ilipoingia majini aliwaomba vijana wasiipeleke popote. Akachukua kijiti alichokigawa kwa alama za sentimita, akapima katikati ya boti, pale ukingo ulipo chini zaidi, tokea maji yalipofika hadi juu. Ubao mkavu ulikuwa sentimita sabini. Kisha akaagiza magunia ya Faruk yaingizwe moja moja, yalazwe chini, yasambazwe.

Magunia matano ya kwanza yaliishusha boti sentimita nane, kwa sababu chini ni nyembamba. Baada ya hapo mambo yakawa ya ajabu kwa unyoofu wake: kila gunia moja, sentimita moja. Watu walianza kuhesabu pamoja naye kwa sauti. Lilipoingia gunia la ishirini na mbili, Zenon akainua mkono.

Fundi mmoja wa pale alimwambia kuwa bado inabeba, tena sana, ubao wote ule uko juu. Zenon aliweka kiwiko chake majini, usawa wa ziwa, na ncha ya kidole cha kati ikagusa ukingo. Dhiraa moja.

"Huu ubao mkavu hamjanyimwa," alisema. "Ni nafasi ya wimbi. Ninyi mmeshapakia, sasa mwachieni na ziwa nalo lipakie."

Nahodha wa boti, Meshack, mtu wa maneno machache aliyevua tangu utoto, alitikisa kichwa kukubali. Alisema wimbi la Julai lisilojitangaza hupanda kiasi hicho hicho. Basi Zenon akapaka mstari mwekundu ubavuni, kulia na kushoto, usawa wa maji.

Hakuishia hapo. Aliupima wavu kwa mizani ya kuning'iniza: mkavu kilo tisini. Akaagiza ulowekwe, upimwe tena, ukawa mia mbili na thelathini, na wavuvi walioubeba maisha yao yote wakatazamana. Akapima injini na mafuta, taa na betri, nanga na kamba. Akapima na mabaharia sita, huku akina mama wakishangilia kila kilo. Vyote hivyo, na wavu ukiwa umelowa, vilikula kilo mia nane na hamsini katika zile elfu mbili na mia mbili. Kilichobaki kwa samaki ni kilo elfu moja mia tatu na hamsini. Luciana aliiandika namba hiyo kwenye kiganja, akafunga ngumi.

Kesho yake alimwongoza baba yake mdogo hadi kwenye boti nyingine iliyopumzishwa mchangani. Ilikuwa pacha wa ile iliyozama, fundi mmoja, vipimo vile vile. Waliingiza magunia kama jana. Luciana alikuwa amewauliza wale watano, mmoja mmoja, makreti yalikuwa mangapi usiku ule. Zenon alijumlisha mara mbili, kisha akamwambia ukweli: ilizidiwa kwa kilo mia saba, pengine na zaidi kidogo. Luciana alikaa chini akalia, na baadaye akasema kwamba ni afadhali kulilia kitu chenye namba kuliko kulilia kudra.

Wiki tatu boti ilivua vizuri. Mara mbili Meshack alirudi akiwa ameacha dagaa ndani ya maji kwa sababu mstari ulikuwa umegusa, na vijiwe vikamsema, naye akalala usingizi wake. Zenon alikaa kuona mbao zinavyovimba na kubana. Alikuwa akitembea ufukweni mikono nyuma, na mtu akimpita alijua anamsalimia fundi.

Ndipo akaja Raymond, mfanyabiashara wa dagaa wakavu, akitaka mzigo wake upelekwe Kabwe, mwambao huo huo upande wa kaskazini. Luciana na Zenon nao walikuwa na safari ya huko. Asubuhi kulipokucha Raymond alileta magunia thelathini na sita, kila moja kilo arobaini na tano, akayapakia yeye na watu wake. Dagaa wakavu ni wepesi kwa umbo lao, kwa hiyo mzigo ulipanda juu, ukapita ukingo, ukapita kichwa cha mtu aliyesimama. Hata hivyo mstari mwekundu ulikuwa bado juu ya maji kwa vidole viwili.

"Mstari wako huo, fundi," Raymond alisema, akionyesha. "Mkavu. Twende."

Zenon alifurahi kuona kazi yake inatajwa kama sheria. Lakini Meshack hakuwasha injini. Alikanyaga ukingo kwa mguu mmoja, akaegemea, akaachia. Boti ililala upande, ikakaa hapo kidogo kama inayofikiri, kisha ikarudi.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "uzito uko sawa. Ila umekaa kichwani. Boti hii inarudi kama mlevi."

Watu walikuwa wamesimama pale zaidi ya thelathini. Damu ilimpanda Zenon usoni. Mwezi mzima alikuwa amewaambia kwamba mstari haudanganyi, na sasa huyu anamwambia hautoshi, na Raymond anautumia mstari huo huo kama ngao. Ingekuwa rahisi kusema twende. Aliingia majini hadi kiunoni, akaishika boti kwa mikono yake, akaitikisa mwenyewe. Alihisi jinsi inavyochelewa. Mkono wa seremala haumdanganyi mwenyewe.

"Mstari huu niliuchora mimi," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "na umepungukiwa. Unasema mzigo ni mzito kiasi gani. Hausemi umekaa wapi. Meshack amesema kweli. Hakuna gunia litakalopita ukingo."

Magunia kumi na manne yalishushwa. Raymond alikasirika, akasema hajawahi kuona watu wanaoogopa dagaa wakavu. Akayapeleka kwenye boti ya nahodha aitwaye Yunusu, iliyokuwa nayo ikielekea Kabwe na mzigo wake kamili, akayarundika juu, na mwenyewe akapanda huko. Yunusu alisita, lakini hakukataa. Boti mbili zikaondoka zikifuatana.

Kabla hawajaondoka mbali Zenon alikuwa ameshachonga alama ya pili ndani ya boti, kwenye ubavu wa katikati, kuonyesha mzigo uishie wapi kwenda juu. Alichonga boti ikitembea, na hakuona haya kumwomba Meshack amshikie kipimo.

Upepo wa kusini-mashariki ulikuja saa nne, walipokuwa wakizunguka rasi moja yenye mawe. Mawimbi yalitokea nyuma, mafupi, yenye hasira. Boti ya Luciana ilipanda na kushuka, ikalala, ikarudi upesi, ikalala tena ikarudi. Maji yaliruka yakalowesha nguo, lakini ukingo haukuzama hata mara moja. Zenon alikuwa ameshika ubao wa pembeni, na kila boti iliporudi wima alihisi kitu kikinyooka ndani yake pia.

Baharia wa mbele ndiye aliyeona. Boti ya Yunusu, mita mia mbili nyuma yao, ililala na haikurudi. Wimbi moja liliingia, la pili likaingia juu yake, injini ikanyamaza. Magunia yakaelea yakitawanyika, na watu wakawa wameshika ukingo wa boti iliyojaa maji.

Meshack aligeuza bila kuuliza. Alipokaribia akapunguza mwendo, akamtazama Zenon.

"Wako watano. Tuchukue wangapi?"

Zenon alikuwa ameshahesabu. Magunia ishirini na mawili, watu wanne, injini na mafuta: kilo elfu moja mia nne na ushee. Watu watano waliolowa, hata tuseme kilo mia nne. Ubao bado ungebaki, tena zaidi ya dhiraa.

"Wote," alisema. "Mmoja mmoja, wapitie nyuma, wakae chini kabisa. Asisimame mtu."

Waliwavuta. Wa kwanza alikuwa mpishi wa boti, akitetemeka; wa mwisho Yunusu mwenyewe, ambaye hakukubali kutangulia. Raymond alikuwa wa tatu. Aliwekwa chini baina ya magunia yake, na Luciana akavua kitenge chake cha juu akamfunika mabegani.  Zenon alichungulia nje ya boti: mawimbi yakipita, yakiondoka, na baina yake na maji mstari mwekundu ukionekana, kisha usionekane, kisha ukionekana tena, mahali pake.

Walifika Kabwe alasiri. Habari ilikuwa imeshatangulia kwa simu, na watu walijaa ufukweni. Wengine waliingia majini kuipokea boti. Raymond aliposhuka alisimama mbele ya Zenon. Alisema kwamba magunia yake yaliyofika ni yale tu yaliyobaki kwenye boti hii. Kisha akasema, polepole zaidi, "Na mimi mwenyewe." Zenon akampa mkono.

Usiku aliwapigia simu nyumbani. Angela aliuliza kama ni kweli anayosikia, kwamba amewaokoa watu. Zenon alisema aliyewaokoa ni Meshack na boti. Mkewe, aliyemjua miaka thelathini na mitatu, akasubiri. "Lakini boti ni yangu," Zenon akasema.

Kesho yake asubuhi Yunusu alimfuata. Boti yake ilikuwa imevutwa pwani, imepasuka mbao mbili. Alimwomba aitengeneze, na ikishatengenezwa aipime, aichore mstari wa nje na alama ya ndani, yeye atasimamia kwamba inafuatwa. Alisema kweli kwamba aliona mzigo umezidi, akaona haya kumkatalia mtu mbele ya watu. Zenon alimjibu kuwa jana yake na yeye aliona haya pale pale, na haya hiyo ilikuwa nzito kuliko gunia.

Nyuma ya Yunusu walisimama manahodha wengine, wenyeji wa Kabwe, watu waliozaliwa ndani ya sauti ya ziwa. Mmoja alikuwa na boti ya kijani, mwingine alisema yake ni ya zamani lakini ni ya mninga. Waliuliza wafanye nini kwanza. Zenon alipandisha suruali magotini, akawaambia wakamletee magunia ya mahindi yaliyopimwa, yasiyopungua ishirini, na mtu mwenye sauti nzuri ya kuhesabu. Luciana akasema mtu wa kuhesabu ni yeye. Wakaisukuma majini boti ya kijani, tupu, na Zenon akaifuata hadi maji yalipomfika kiunoni, kijiti mkononi, kifua mbele, akaanza kupima.